Tangi la Samaki Lisilo na Kelele

Usiku wa Plateau ni kimya, hivyo pampu yangu ndogo ya hewa ilinguruma kama kinu cha posho. Kaka yangu, tunayelala naye chumba kimoja, alikuwa na mtihani. Akaapa kulitupa tangi nje. Nikaizima. Asubuhi samaki wawili walikuwa wanaelea, wengine wanahema juu juu. Kumbe mapovu hutibua maji, na oksijeni huingilia pale juu. Tena huku kwetu, zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi.

Basi nikachunguza. Kelele si ya mapovu, ni pampu kuitikisa meza! Nikaiweka juu ya sponji, kwenye rafu iliyopita usawa wa maji, maana stima ikipotea maji hurudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu. Sasa kaka anakoroma kuishinda.