JE, DEREVA ALIPE KUINGIA MJINI?
Somo la Mdahalo Kuhusu Ada ya Msongamano

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami naongeza kuwa aliyeketi ndani ya gari lake, redio ikimwimbia, hamjui aliyebanwa ndani ya matatu iliyo nyuma yake. Wote wawili wamekwama katika msongamano mmoja, ule ambao mtaani tunauita "jam", lakini hawaumii sawasawa.

Msomaji mpenzi, katika makala haya nakusudia kueleza jambo lililozua mabishano makubwa katika miji mingi duniani: je, ni haki dereva kutozwa ada kwa sababu ameingia katikati ya jiji wakati wa msongamano? Nimeyaandika kama somo la mdahalo. Kwanza nitaeleza maana ya ada yenyewe. Pili nitasimulia yaliyotokea Singapore, London, Stockholm na New York. Tatu nitazipima hoja za pande zote mbili, kisha nirudi hapa kwetu Nairobi nitoe msimamo wangu. Wanachama wenzangu mnaopenda kusimama jukwaani, chukueni kalamu.

MAANA YA ADA YA MSONGAMANO

Ada ya msongamano ni malipo anayotozwa mwenye gari anapoingia sehemu fulani ya mji kwa saa fulani. Siyo ada ya kuegesha, maana hiyo hulipwa na anayesimama. Wala siyo ile ya Nairobi Expressway, barabara iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kati ya Mlolongo na Westlands. Kule dereva hulipa ili apate njia ya haraka, na pesa hizo hurudisha gharama ya ujenzi. Asiyetaka kulipa hupita chini, msongamano ukiwa palepale. Lengo la ada ya msongamano ni jingine: kumfanya dereva ajiulize, "Kwani lazima niende na gari leo, na saa hii?"

Mwanauchumi William Vickrey, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alilitetea wazo hili tangu miaka ya 1950. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1996, akafariki siku tatu tu baada ya habari hizo kutangazwa. Fikira yenyewe si ngumu. Dereva anapotoka nyumbani huhesabu petroli yake na muda wake. Hahesabu dakika anazowapotezea walio nyuma yake.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme magari kadhaa, kila moja likiwa na mtu mmoja, yameichelewesha matatu ya abiria 14 kwa dakika 10. Hapo zimepotea dakika 140. Ikiwa ni basi la abiria 33, zimepotea dakika 330, yaani saa tano u nusu. Nani amezilipa dakika hizo? Amelipa mama mboga aliyechelewa kufika Marikiti, amelipa kibarua aliyekatwa mshahara, na amelipa mwanafunzi wa shule ya kutwa aliyefika kipindi cha kwanza kikiwa kimeisha, akapewa na adhabu juu yake. Kwa hivyo barabara ya mjini haijawahi kuwa ya bure. Kuna watu wanaoilipia kila siku, ila malipo yao hayana risiti.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba barabara iliyojaa haihitaji kupunguziwa magari nusu ndipo ifunguke. Yakipungua machache, mwendo hurudi. Anayesafiri Nairobi amejionea mwenyewe: shule zikifungwa, asubuhi barabara huwa na nafuu, ilhali magari mengi bado yapo. Ni kama mlango wa darasa kengele ya chakula inapolia. Wote wakikimbilia mlangoni kwa pamoja hukwama, lakini wachache wakisubiri kidogo, darasa lote hutoka upesi.

WALIOTANGULIA KUJARIBU

Singapore ndiyo iliyotangulia. Tarehe 2 Juni 1975 ilianza kuwatoza madereva dola 3 za nchi hiyo kwa siku waingiapo katikati ya mji asubuhi. Dereva alinunua kibali cha karatasi akakibandika kwenye kioo cha mbele, na maafisa wakasimama mpakani wakikagua kwa macho tu. Gari lililobeba watu wanne au zaidi halikulipa. Mwaka wa 1998 karatasi zilipewa kwaheri na mitambo ya elektroniki ikashika kazi.

London ilifuata tarehe 17 Februari 2003 chini ya Meya Ken Livingstone. Ada ilikuwa pauni 5 kwa siku, na kamera ndizo zilizosoma nambari za magari. Wengi walitabiri kwamba mji ungevurugika, lakini haukuvurugika. Katika mwaka wa kwanza magari yaliyoingia yalipungua kwa takriban asilimia 18, na ucheleweshaji ukapungua kwa takriban asilimia 30. Lakini ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mabasi takriban 300 yaliongezwa ada ilipoanza, na sheria iliamuru faida itumiwe katika mambo ya usafiri tu. Mabasi na teksi hayakutozwa.

Hata hivyo, hadithi ya London haikuishia kwenye furaha. Baada ya miaka kadhaa msongamano ulirudi. Barabara zilichimbwachimbwa kwa matengenezo, na magari ya kukodi yanayoitwa kwa simu yakawa mengi, nayo yalikuwa hayalipi hadi mwaka wa 2019. Ada ilipandishwa tena na tena, ikafika pauni 15 mwaka wa 2020. Tena si miji yote ya Uingereza iliyokubali. Wakazi wa Edinburgh walipoulizwa kwa kura mwaka wa 2005, na wale wa Manchester mwaka wa 2008, zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura katika kila mji walisema hapana.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ulitumia hekima nyingine. Mabasi mapya yaliletwa kwanza, mwezi wa Agosti 2005. Kisha ada ikatozwa kwa majaribio kuanzia tarehe 3 Januari hadi tarehe 31 Julai 2006. Kabla ya majaribio watu wengi walipinga. Ada ilipoanza, magari yaliyovuka mpaka wa eneo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Ilipositishwa, magari yakajaa tena, na kila mtu akaona tofauti. Septemba 2006 wakazi wa mji walipiga kura, na zaidi ya nusu wakasema ndiyo. Ada ikarudishwa mwezi wa Agosti 2007. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika miji ya pembeni iliyopiga kura yake yenyewe, wengi walikataa.

New York, mji aliofundisha Vickrey, ulichelewa kuliko yote. Sheria ilipitishwa mwaka wa 2019. Juni 2024, wiki chache kabla ya kuanza, Gavana Kathy Hochul akaisimamisha. Baadaye akairudisha kwa bei ya dola 9 badala ya dola 15, na ikaanza tarehe 5 Januari 2025 katika sehemu ya kusini ya Manhattan. Mwezi uliofuata serikali ya Rais Donald Trump ikatangaza kwamba imeondoa idhini yake, na mambo yakafika mahakamani huku ada ikiendelea kutozwa. Kwa hivyo usidhani mabishano haya ni ya nchi maskini pekee.

HOJA ZA WAPINZANI NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: ada haimuumizi tajiri. Mwenye gari kubwa atalipa bila kugeuza shingo, na mwenye kigari kilichochoka ndiye atakayefukuzwa mjini. Hoja hii ina uzito. Lakini tujiulize, maskini hasa yuko wapi? Wakazi wengi wa Nairobi huenda kwa miguu au kwa matatu. Tunapomwonea huruma mwenye kigari, tusimsahau asiye na hata baiskeli, ambaye analipishwa dakika zake kila asubuhi.

Hoja ya pili: wenye magari wanalipa tayari. Ni kweli. Kila lita ya mafuta ina ushuru wa kutunza barabara, na mwaka wa 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Lakini ushuru huo haumwulizi dereva yuko wapi wala ni saa ngapi. Lita ya Marsabit saa nane za usiku hutozwa sawa na lita ya Nairobi saa moja ya asubuhi. Hautofautishi anayeziba njia na anayepita peke yake.

Hoja ya tatu: pesa zitaliwa. Hii ndiyo hoja inayopigiwa makofi zaidi katika kila mdahalo, na siwezi kuidharau. Mtu aliyelipa kodi miaka nenda miaka rudi na bado anaruka madimbwi ana haki ya kuuliza. Jibu lake haliwezi kuwa ahadi tupu. Lazima liwe sheria, kama ile ya London, inayosema pesa hizi ni za usafiri, na hesabu itangazwe hadharani.

Hoja ya nne: tutapanda nini? Kwangu mimi hii ndiyo hoja kuu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Dereva akiambiwa aache gari nyumbani, lazima kuwe na basi safi, salama, linalokuja kwa saa inayojulikana. Akikuta matatu inapandisha nauli mvua ikinyesha, atarudi kwa gari lake hata akitozwa mara mbili.

TURUDI NAIROBI

Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ya Nairobi iliamua kupunguza msongamano kwa kuzifungia matatu nje ya katikati ya jiji. Wafanyakazi, wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni walitembea mwendo mrefu. Kilio kilikuwa kikubwa hata marufuku yakasimamishwa siku iliyofuata. Tazama vizuri yaliyofanyika siku ile. Gari lenye watu 14 lilizuiwa na gari lenye mtu mmoja likaruhusiwa kupita. Miji niliyoitaja ilifanya kinyume. Ilimtoza aliyechukua nafasi kubwa peke yake, ikamwachia njia anayebeba wengi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: naunga mkono ada ya msongamano Nairobi, lakini kwa masharti, na kwa mpangilio ufuatao.

1. Mabasi yatangulie. Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake mwaka wa 2016. Bila usafiri wa namna hiyo, ada itakuwa adhabu tu.

2. Matatu na mabasi yasitozwe. Yakitozwa, makanga hatajadiliana na mtu. Nauli itapanda hapo hapo, na aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye atakayelipa.

3. Ianze kwa majaribio ya miezi michache, kisha wananchi waulizwe, wakiwemo wasio na magari. Watu wa Stockholm walipiga kura juu ya kitu walichokwisha kukiona.

4. Pesa zionekane. Mahali palipojengwa kituo cha basi au njia ya waendao kwa miguu kwa ada hii, pabandikwe bango lenye kiasi kilichotumika.

Masharti haya yakikosekana, mimi mwenyewe nitahamia upande wa wapinzani. Lakini tusikubali mdahalo huu uwe mazungumzo ya wenye magari peke yao. Kila ukisikia mtu akisema kwamba kuingia mjini lazima kubaki bure, mwulize kwa heshima: bure kwa nani?

MASWALI YA MDAHALO

1. "Ada ya msongamano ni adhabu kwa maskini." Jadili pande zote mbili.
2. Kwa nini ada ilikubaliwa Stockholm na ikakataliwa Edinburgh na Manchester?
3. Je, teksi na pikipiki za bodaboda zitozwe au zisamehewe? Toa sababu.

MSAMIATI

Ada: malipo yanayotozwa kwa huduma au ruhusa fulani.
Kibali: hati ya ruhusa.
Kura ya maoni: kura ya kuwauliza wananchi kuhusu jambo moja.
Makanga: mtu anayekusanya nauli katika matatu, utingo.
Mbacha: mkeka uliochakaa.
Msala: mkeka wa kuswalia.