Maji ya Moto Nyumbani: Kuni Nyingi Huishia Kwenye Mvuke

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, maji ya bomba katika kata za Nyanda za Juu Kusini huwa baridi kiasi cha kuuma vidole, na nyumba nyingi huwasha moto kabla ya mapambazuko kwa ajili ya ndoo za wanafunzi na wazee. Hata kaya iliyokwisha kuhamia kwenye gesi ya kupikia mara nyingi hurudi kwenye kuni kwa kazi hii, kwa kuwa mtungi huisha upesi ukitumika kupasha ndoo tano kila asubuhi. Wengine, hususan wenye familia kubwa na nyumba za wageni, wamejenga boila la pipa nyuma ya nyumba. Kwa vyovyote vile, sehemu kubwa ya kuni hizo haifiki kwenye mwili wa anayeoga.

Ili kuelewa zinakokwenda, ni vema kuanza na tabia ya maji yenyewe. Kupasha maji na kuyageuza kuwa mvuke ni kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ni nzito mno. Lita moja ya maji ikichemka mpaka ikatoweka yote kama mvuke, imechukua joto ambalo lingetosha kupasha ndoo nzima ya lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 40, yaani kutoka baridi ya alfajiri hadi uvuguvugu wa kuogea. Sufuria iliyoachwa ikitokota bila kifuniko wakati mama au dada yuko shughulini inaweza kupoteza lita hiyo bila mtu kutambua. Maji yaliyokwisha kuchemka hayaongezeki moto hata yakichochewa kuni kiasi gani. Katika mwinuko wa mita 2,000 hukomea takribani nyuzi 93. Kuni zinazoongezwa baada ya hapo zinatengeneza mvuke tu.

Viwanda vya chai vya Mufindi na Njombe huchoma magogo ili kupata mvuke, na vina sababu: joto hilo lililobebwa na mvuke hurudishwa kazini katika kukausha majani. Nyumbani mvuke hupanda darini na kuishia hapo. Kwa hiyo kifuniko kinachokaa sawasawa juu ya sufuria ni kifaa cha kwanza cha kubana matumizi, nacho hakigharimu kitu kwa aliye nacho tayari. La pili ni kipimo. Kwa ndoo moja ya lita 20, lita sita na nusu za maji yaliyochemka zikichanganywa na maji baridi zinatosha. Anayeoga peke yake hana haja ya kuchemsha sufuria nzima kisha kuiacha ipoe. Katika kuchanganya, maji baridi yatangulie kwenye beseni na ya moto yafuate, hasa palipo na watoto wadogo.

Kuni mbichi zina hasara ya namna hiyohiyo. Gogo lililokatwa juzi linaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yageuke mvuke kabla mti haujawaka vizuri. Mnunuzi hulipia mzigo mzito, kisha moto wake hutumika kukausha mzigo huohuo. Kuni zilizopasuliwa na kupangwa chini ya paa kabla ya mvua za masika huwa tayari ifikapo Juni, na hutoa moshi mchache zaidi.

Boila la pipa, likijengwa vizuri, hushinda mafiga kwa mbali, kwa sababu moto wake umezungukwa na ukuta na moshi wake hupita kwenye dohani. Pipa likizungushiwa matofali na tope nene, maji yaliyopashwa jioni hubaki na uvuguvugu hadi alfajiri. Lakini hapa tahadhari inahitajika kuliko mahali pengine popote. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi inayozidi lita 1,600. Pipa lililofungwa pande zote, likiwa juu ya moto, hupasuka kwa nguvu inayoweza kubomoa ukuta na kuua aliye karibu.

Boila salama la nyumbani, kwa hiyo, ni lile lililo wazi kwa hewa. Tangi la maji baridi huwekwa juu zaidi, na bomba lake huingia chini ya pipa. Maji ya moto hutoka sehemu ya juu. Bomba la tatu hupanda kutoka juu ya pipa mpaka lipite usawa wa maji ya tangi, na mdomo wake huachwa wazi nje. Hili ndilo bomba la kupumulia. Halifungwi koki wala haliwekewi kizibo. Wapo wanaoliziba kwa gunzi au kitambaa wakichoshwa na maji yanayotemwa, wakidhani wanaokoa joto. Bomba likitema, maana yake ni kwamba moto umezidi, na dawa ni kuvuta kuni nje. Baada ya boila kulala miezi kadhaa, bomba hilo likaguliwe, kwani nyigu hupenda kujenga humo. Pipa lijazwe kabla ya kuwasha moto, na maji baridi yasimiminwe katika pipa tupu lililokwisha kushika moto. Pipa lililobeba mafuta ya petroli au dawa za shambani lisitumike kabisa: mabaki yake yanaweza kulipuka mikononi mwa fundi wa kuchomelea.

Miezi ya baridi ndiyo pia miezi ya kiangazi, na jua la mchana ni kali. Chombo cheusi kilichofunikwa na kuwekwa juani kikiyafikisha maji nyuzi 30, moto wa jioni unabakiwa na nyuzi 10 tu kati ya 25 zilizohitajika. Kwa wenye umeme, uniti moja hupasha takribani lita 34 kutoka nyuzi 15 hadi 40. Jiko la mkaa lisiingizwe bafuni au chumbani kwa lengo la kupasha maji huku mlango umefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua aliyelala.

Anayekusudia kujenga boila atafute fundi aliyehitimu VETA au apate ushauri katika ofisi ya SIDO ya mkoa. Boila la mvuke lenye shinikizo, kama yale ya hospitali na viwandani, si la kutengenezwa uani. Hilo hukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa mujibu wa Sheria Na. 5 ya mwaka 2003.