Maumivu ya figo yakiisha, usikose kurudi kwa daktari

Ikiwa umewahi kuugua vijiwe vya figo, huna haja ya kuelezwa uchungu wake. Huanzia ubavuni, ukateremka hadi kinenani, na mgonjwa asipate raha akilala wala akikaa. Ndiyo maana uchungu ukitulia, wengi hawarudi tena kliniki. Hilo ni kosa.

Uchungu kwisha si ithibati kwamba kijiwe kimetoka. Vijiwe visivyozidi milimita 5 mara nyingi hutoka vyenyewe, lakini kingine chaweza kukwama katika mrija wa mkojo na kuziba njia kimya kimya. Figo iliyozibwa kwa majuma mengi huharibika, na pengine isipone tena.

Kabla ya kwenda

Kojolea kwenye chujio au kitambaa safi. Ukiona kijiwe, hata kikiwa kama chembe ya mchanga, kitie katika chupa kavu ukipeleke. Vingi huwa vya kalsiamu, vingine vya asidi ya yuriki, na kinga yao si moja. Beba pia picha za awali na dawa unazotumia, zikiwemo za kienyeji.

Atakachofanya daktari

Atapima mkojo kuona kama una damu au viini vya maradhi. Atapima damu kujua figo zinavyofanya kazi. Kisha utapigwa altrasaundi au eksirei. Mama mja mzito aseme mapema ili asipigwe eksirei ovyo.

Nawe usiogope kuuliza: Je, kijiwe kimetoka? Kilikuwa cha aina gani? Ikiwa uliwekewa mrija ndani ya mwili, utatolewa lini? Mrija huo ukisahauliwa kwa miezi mingi, wenyewe huota vijiwe.

Jinsi ya kujikinga

Bila kinga, karibu nusu ya wagonjwa huugua tena katika muda wa miaka 10. Kunywa maji ya kutosha ili ukojoe kama lita mbili na nusu kwa siku. Anayefanya kazi juani, au anayeishi Mombasa au Garissa, hutoka jasho jingi na huhitaji maji zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo dhaifu amuulize daktari kwanza.

Punguza chumvi na nyama. Maziwa usiyaache, kwani kalsiamu ya chakula hushikana na oksaleti tumboni na kuizuia isifike kwenye figo. Spinachi na njugu zina oksaleti nyingi. Sukuma wiki ina kidogo.

Usingoje siku ya miadi

Ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, ukitapika mfululizo au mkojo ukikatika, kimbia hospitalini siku hiyo hiyo. Figo iliyozibwa na kuingia viini yaweza kuua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.