Kabla ya Kuvua Viatu na Kukimbia Pekupeku

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 akiwa pekupeku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye mjini Tokyo alishinda tena, mara hii akiwa na viatu, na akapunguza muda wake kwa dakika tatu na zaidi. Wanaosifia mbio za pekupeku hutaja Rome na kuiruka Tokyo.

Hata hivyo, sifa zenyewe si za bure. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwalinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa hapa Kenya. Waliokua bila viatu mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, nyuma kidogo ya vidole, kisha kisigino kikashuka. Wengi wa waliozoea viatu vyenye soli nene walitangulia kisigino. Kisigino kikigonga ardhi, mshtuko hupanda mguuni kwa ghafla. Ukitua kwa mbele, kifundo cha mguu na misuli ya shavu la mguu huupokea kama springi. Msomaji anaweza kujaribu nyumbani kwa kurukaruka mahali pamoja bila viatu juu ya sakafu. Hakuna anayetua kwa kisigino mara mbili.

Lakini hiyo si kanuni ya watu wote. Utafiti wa mwaka 2013 miongoni mwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, jamii iliyozoea kutembea bila viatu, ulionyesha kuwa wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kuvua viatu peke yake hakumfundishi mtu kukimbia. Wala haijathibitishwa kwamba anayekimbia pekupeku huumia mara chache. Mzigo unaopunguka gotini huhamia kwenye shavu la mguu, kano ya kisigino na mifupa midogo ya wayo.

Hilo limewagharimu wengi waliokuwa na haraka. Nchini Marekani, wakimbiaji wazoefu walipewa wiki 10 kuhamia viatu vyembamba vyenye vidole. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha dalili za uvimbe ndani ya mifupa ya miguu kwa zaidi ya nusu yao. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyopinga matangazo yake ya faida za kiafya.

Mkazi wa Kisumu anayetaka kuonja jambo hili hahitaji viatu vya bei ghali. Raba za kitambaa zenye soli bapa zinatosha. Akala za tairi nazo ni bapa, ila ni nzito na hazipindiki, kwa hiyo ni za kutembelea zaidi kuliko kukimbilia.

Suala kubwa zaidi hapa ni ardhi. Ufuo ambako samaki huanuliwa na nyavu kushonwa, kama Dunga au Usoma, unaweza kuficha ndoana, vipande vya chupa na miba ya samaki. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hupasuka wakati wa kiangazi na kuacha nyufa za kumtegua mtu kifundo. Lami nayo huwaka kuanzia saa nne asubuhi. Mahali pazuri ni uwanja wa nyasi fupi uliokaguliwa kwanza kwa kuutembelea. (Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na alfajiri huenda hawajarudi majini. Hilo linamhusu mwenye viatu na asiye navyo.)

Hatari nyingine hazionekani kwa macho. Funza hupenda vumbi na mchanga mkavu, na huingia kwenye ngozi ya mguu ulio wazi. Minyoo ya safura hupenya nyayo kutoka kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kisha hufyonza damu tumboni na kumwacha mtu na upungufu wa damu. Anayemaliza mazoezi na kuosha miguu ziwani hujiweka kwenye hatari ya kichocho, kwa kuwa vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini huingia kupitia ngozi nzima, isiyo na kidonda. Ni heri kunawa nyumbani kwa maji safi na sabuni. Aliyechomwa na msumari au ndoana aende kituo cha afya siku hiyohiyo, aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari, au mtu yeyote aliyepoteza hisia kwenye nyayo, asikimbie pekupeku kabisa, kwani anaweza kukatwa na chupa asijue hadi kidonda kioze.

Anayeanza atembee pekupeku nyumbani kwa wiki chache, kisha akimbie dakika tano kwenye nyasi, mara mbili au tatu kwa wiki, akiongeza kidogo kidogo kwa miezi. Hatua ziwe fupi na za haraka. Wayo unaopiga kelele unatua vibaya. Maumivu ya shavu la mguu kwa siku moja au mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja juu ya wayo, yanayozidi kila ukikimbia, yanahitaji mapumziko na kumwona daktari.

Kuna wanafunzi wanaokimbia pekupeku siku za michezo shuleni, wengine kwa sababu viatu havipo. Mtoto aliyezoea hivyo asivishwe viatu vipya asubuhi ya mashindano. Vitampa malengelenge na kumpunguzia mwendo. Walimu na wazazi watembee uwanja mzima mapema kuokota chupa, miba na misumari, na jioni miguu ioshwe na kukaguliwa, hasa kando ya kucha. Akikutwa na funza, apelekwe zahanati, na pini moja isitumiwe kwa watoto wawili.