Boti ya Mtumba Kutoka Ng'ambo: Haki Huanza Kabla ya Malipo

Bei ndiyo chambo. Boti ya faiba ya mita saba, yenye kibanda, jiko dogo na vitanda viwili, huweza kutangazwa kusini mwa Uingereza kwa bei ya gari dogo lililotumika. Sababu haijifichi. Mwenye boti kule hulipia maegesho mwaka hadi mwaka, hulipa kuitoa majini wakati wa baridi, hulipa bima, na watoto waliokuwa wakiigombania siku za likizo wamekwisha kuwa na maisha yao. Anataka imtoke. Huku Tanga, Kilifi au Mwanza, anayeitazama picha hiyo kwenye simu huanza kwa kuulizia nauli ya meli. Analiruka swali linaloamua karibu haki zake zote: anayeuza ni nani?

Sheria ya Uingereza humtofautisha mfanyabiashara na mtu binafsi. Anayenunua kwa matumizi ya familia kutoka kampuni ambayo kuuza boti ndiyo kazi yake, analindwa na Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Chombo, hata kama ni kikuukuu, lazima kiwe na ubora unaoridhisha kwa kuzingatia umri na bei yake, kifae kwa kazi iliyokusudiwa, na kilingane na maelezo yaliyotolewa. Kisipokuwa hivyo, mlaji ana siku 30 za kukikataa na kudai fedha zake zote. Zikipita, muuzaji hupewa kwanza nafasi ya kutengeneza, na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, labda muuzaji athibitishe vinginevyo.

Akiuza mstaafu boti yake mwenyewe, sehemu kubwa ya ulinzi huo inatoweka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1979 inamtaka awe na haki ya kuiuza, na iwe kama alivyoieleza. Haidai kwamba iwe nzima. Injini ikifa wiki ya pili, hasara ni ya mnunuzi. Wakenya na Watanzania wasilione hili geni, kwani sheria zao za mauzo ya bidhaa zimechipuka kwenye shina lilelile, sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, na sharti la ubora huwabana hasa wale wanaoifanya bidhaa hiyo kuwa biashara yao.

Hapo ndipo dalali anapowachanganya wengi. Ana ofisi ukingoni mwa bahari, nembo, tovuti ya kupendeza na karatasi zenye chapa. Mnunuzi aliye mbali huamini kwamba ananunua kwa kampuni. Lakini dalali wa boti Uingereza kwa kawaida ni wakala wa mwenye chombo, na mkataba hufungwa na mwenye chombo huyo, mtu binafsi. Kwa hiyo jina la muuzaji kwenye mkataba lisomwe kabla ya kitu kingine chochote, na dalali aulizwe kwa maandishi anasimama upande wa nani.

Maandishi yenyewe ni silaha ambayo mnunuzi huitupa bila kujua. Boti imewahi kuzama au kugonga mwamba? Injini imefanya kazi saa ngapi? Kwa nini inauzwa? Jibu la uongo lililomshawishi mtu kununua lina tiba katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 kuhusu maelezo ya uongo, na sheria hiyo humfikia hata muuzaji binafsi. Sharti ni uthibitisho. Mazungumzo ya simu hupotea hewani, ujumbe wa WhatsApp na barua pepe hubaki.

Thamani ya kuandikiana ilionekana mwaka 2003, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilipoamua kesi ya boti ya matanga ambayo mkuku wake ulikuwa mzito kupita vipimo vya mtengenezaji. Wanunuzi waliipokea Agosti 2000, wakalalamika, wakaomba maelezo ya namna itakavyorekebishwa, na walipoyapata mwanzoni mwa mwaka uliofuata wakaikataa. Muuzaji akasema wamechelewa. Mahakama haikukubaliana naye: anayesubiri maelezo aliyoyaomba ili aamue hajaikubali boti. Boti ile ilikuwa mpya na muuzaji alikuwa mfanyabiashara, tena ilikuwa kabla ya sheria ya 2015, lakini kilichowaokoa ni zile barua.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, siku 30 zina mtego mwingine. Mkataba ukisema makabidhiano yamefanyika bandarini Southampton, siku huanza kuhesabiwa hapo, na zinaweza kwisha boti ikiwa bado baharini kuelekea Mombasa. Na anayenunua ili awatembeze watalii Nungwi, hata kama boti ataiita ya familia, mbele ya sheria ya 2015 si mlaji.

Kuna pia suala la umiliki, na hapa mazoea ya magari yanapotosha. Gari lina kadi, au logbuku kama wanavyosema Kenya. Boti ndogo ya starehe inayozunguka pwani ya Uingereza inaweza kuishi miaka 30 bila kuandikishwa popote. Nyingi zinazoandikishwa huingia kwenye daftari la vyombo vidogo, na cheti chake huonyesha bendera tu. Hakithibitishi mmiliki, wala hakisemi kama boti imewekwa rehani. Daftari linalothibitisha umiliki ni lile la Sehemu ya Kwanza. Humo kila chombo kimegawanywa hisa 64, na rehani zilizosajiliwa zimeandikwa. Mtu yeyote anaweza kulipia nakala yake, na ni ada ndogo kuliko zote katika safari hii. Ikionekana muuzaji ana hisa 32 na mtalaka wake 32, saini moja haitoshi.

Kama boti haimo kwenye daftari hilo, mnunuzi adai mnyororo wa hati za mauziano, kutoka kwa mjenzi hadi kwa muuzaji wa leo, pamoja na risiti. Halafu alinganishe namba ya utambulisho wa boti. Kwa boti za Ulaya zilizojengwa tangu 1998 ni tarakimu na herufi 14, zilizochongwa upande wa kulia wa tezi, na nakala yake hufichwa mahali pengine ndani ya chombo. Namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kuondoka.

Deni nalo lina tabia yake baharini. Katikati ya karne ya 19, meli ya mvuke iliyoitwa Bold Buccleugh iligonga jahazi lililoitwa William katika mlango wa mto Humber. Kabla shauri halijaisha, meli ikauzwa kwa mtu ambaye hakujua lolote kuhusu mgongano huo. Ilikamatwa mikononi mwake, na Baraza la Mfalme lililokuwa likisikiliza rufaa likaamua kwamba dai la namna hiyo hukifuata chombo kokote kiendako, hata kwa mnunuzi asiye na hatia. Kanuni hiyo ingali hai. Hasara ya mgongano, malipo ya waliokiokoa chombo, mishahara ya mabaharia, vyote vinaweza kumshukia mmiliki mpya. Boti ya familia haina mabaharia wengi wa kulipwa, lakini inaweza kuwa imegonga boti ya jirani au kuokolewa na mtu anayedai ujira wake. Mkataba useme kwa maneno wazi kwamba boti haina deni wala rehani, na kwamba muuzaji atafidia lolote litakalojitokeza.

Ikiwa imesajiliwa kule, muuzaji alete hati ya kufutwa kwenye daftari kabla ya malipo ya mwisho. Chombo hakiwezi kubeba bendera mbili. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar au Mamlaka ya Bahari ya Kenya watataka kujua kimetoka wapi kabla hawajakiandikisha, na watataka kukikagua. Ni busara kuwaendea kabla ya kununua, na orodha ya vipimo mkononi.

Ukaguzi huo si usumbufu wa ofisi. MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 na kubeba abiria katika ghuba ya Puget Sound, maji yaliyokingwa na nchi kavu karibu pande zote. Iliuzwa mwaka 2011. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na makumi ya watu wakafa. Sababu za ajali huwa nyingi, na bahari siku ile ilikuwa mbaya. Lakini swali liliulizwa Zanzibar nzima, na linamhusu hata mwenye boti ya watu sita: chombo hiki kilijengwa kwa maji ya wapi?

Ulaya wamelijibu kwa herufi. Boti ya starehe yenye alama ya CE imewekwa katika daraja A, B, C au D. Daraja D ni la maji yaliyotulia, upepo usiozidi nguvu 4 na mawimbi ya sentimita 30. C ni upepo hadi nguvu 6 na mawimbi ya mita 2. B inavumilia nguvu 8 na mita 4, na A zaidi ya hapo. Boti ya daraja D iliyokuwa ikielea kwenye mfereji wa Uholanzi haina kazi kwenye mkondo wa Pemba, wala Ziwa Victoria dhoruba inapoingia. Kibao chenye herufi hiyo pamoja na idadi ya watu hubandikwa ndani ya boti, na picha yake iombwe mapema. Tangazo likitaja daraja ambalo kibao hakina, hilo ni suala la maelezo yasiyolingana, na haki ya kudai ipo hata kwa muuzaji binafsi.

Utaratibu wa kawaida wa mikataba ya boti zilizotumika Uingereza humpa mnunuzi nafasi nzuri, ilmradi aitumie. Hulipa asilimia 10, kisha mkaguzi huipandisha boti nchi kavu, huigonga faiba, hutafuta unyevu na viputo chini ya mstari wa maji, na injini hujaribiwa majini. Kasoro kubwa ikipatikana, mnunuzi hujitoa na kurudishiwa fedha, au bei hujadiliwa upya. Haki hiyo lazima iandikwe kwenye mkataba, haijileti yenyewe. Mkaguzi awe wa mnunuzi, alipwe na mnunuzi. Ripoti ya zamani ambayo muuzaji anaitoa bure iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kwa kawaida mkaguzi huyo hawajibiki kwa anayeisoma leo. Maelezo ya akaunti ya benki yakibadilishwa ghafla kwa barua pepe, malipo yasimame mpaka dalali apigiwe kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo.

Mambo yakiharibika, kesi itasikilizwa wapi? Hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya, Tanzania au Uganda inaweza kusajiliwa Uingereza chini ya sheria ya mwaka 1920, ombi likipelekwa ndani ya miezi 12. Hata hivyo haitasajiliwa dhidi ya muuzaji asiyeishi wala kufanya biashara huku ambaye hakuikubali mamlaka ya mahakama hiyo. Ndiyo maana kifungu cha mahakama kiandikwe kabla ya saini. Kwa madai yasiyozidi pauni 10,000, Uingereza na Wales zina utaratibu wa madai madogo ambao hauhitaji wakili, na mara nyingi hiyo ndiyo njia ya nafuu.

Usafirishaji una dhana potofu moja yenye gharama. Wengi hudhani "CIF Dar es Salaam" maana yake muuzaji anabeba hatari mpaka Dar. Analipa nauli na bima, basi. Hatari inahamia kwa mnunuzi boti inapopakiwa melini kule ilikotoka, kwa hiyo ikivunjika njiani mnunuzi anaidai bima, si muuzaji. Aione hati ya bima, ajue kama inagusa mzigo wa juu ya sitaha. Kenya, tangu 2017, inataka bima ya mizigo inayoingia ikatwe kwa kampuni za ndani.

Bandarini, kodi hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, na VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda, ikiwekwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Afisa anaweza kuitilia shaka bei iliyo kwenye hati ya mauziano, hasa kwa boti iliyouzwa bei ya kutupa. Hapo mnunuzi asikubali kuambiwa tu kwamba mfumo umekataa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa haki ya kuomba maelezo ya maandishi ya jinsi thamani ilivyofikiwa. Matokeo ya mkaguzi na picha za kasoro, vilivyokusanywa kule Uingereza, ndivyo vitakavyoeleza kwa nini bei ilikuwa ndogo.

Asiporidhika, kifungu cha 229 kinamruhusu kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi. Kamishna ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo sheria inahesabu kwamba amelikubali ombi. Akilikataa, kuna siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufani za kodi. Muda wa kupeleka ombi lenyewe ni siku 30 pia, na zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, si tangu siku wakala wa forodha alipokumbuka kupiga simu.