Simbilisi anayechechemea

SWALI: Daktari, binti yangu ana simbilisi wawili hapa Machakos mjini. Tunawapa chakula cha sungura kutoka agroveti. Sasa mmoja anachechemea, manyoya yamemsimama na hataki kuguswa. Je, ameteguka? – Mama Mwende

JIBU: Huenda ameteguka, Mama Mwende, lakini nashuku zaidi chakula. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura hujitengenezea, ndiyo maana chakula chake hakiongezwi vitamini hiyo. Simbilisi akiikosa kwa wiki chache viungo huvimba, ufizi hutoka damu, kisha huacha kula.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, maana simbilisi asiyekula siku nzima yu hatarini. Tafadhali usimpe dawa za binadamu zilizobaki nyumbani: amoksilini ya kumeza huua bakteria wema wa tumboni mwake, naye hufa.

Kila siku wape wote wawili kipande cha pilipili hoho na sukuma wiki kidogo, iliyooshwa vizuri. Mapera yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, ila yana sukari, kwa hiyo kipande kidogo mara moja moja kinatosha. Nyasi kavu zisikosekane kamwe. Meno yao hayaachi kukua, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza.

Kizimba kisiwe chini ya mabati. Joto la Februari na Oktoba likipita nyuzi 28, waingize ndani penye ubaridi.