Matembezi ya Hadithi Buger: Maswali na Majibu kwa Waandaaji

Tamasha la Michezo na Utamaduni la Karatu, ambalo kwa kawaida hufanyika Desemba, hukusanya mbio, baiskeli, ngoma na kwaya. Kata ya Buger, wilayani Karatu, inaweza kuongeza jambo lisiloingia uwanjani: hadithi zinazosikilizwa palepale zilipotokea, msikilizaji akitembea mwenyewe na ramani au simu. Majibu haya ni kwa vikundi vya sanaa, walimu na viongozi wa vijiji.

Kama hakuna kiongozi wa msafara, kazi inapungua?

Hapana, inaongezeka. Kiongozi huonyesha kona, huzuia watu kukanyaga mahindi, na hunyamaza pikipiki ikipita. Asipokuwepo, yote hayo yapangwe mapema.

Njia iwe na urefu gani?

Kilomita mbili hadi tatu zinatosha, kwa kuwa Buger ni nchi ya miinuko. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, kilomita 2.5 huchukua kama dakika 40. Ongeza vituo saba vya dakika tatu tatu, na muda wote unafika saa moja. Wazee na watoto wapewe muda zaidi. Dakika tatu za kusimulia ni kama maneno 300. Kila kituo kiwe na kivuli na kiwe mbali na njia ya bodaboda.

Tuchague hadithi zipi?

Anzeni na zile ambazo mahali penyewe panazithibitisha: familia zilizotoka Mama Isara, Mbulu, na shamba lililofyekwa kwanza, au nyumba za kuchimbiwa ardhini ambazo Wairaqw walijificha humo na mifugo yao wakati wa uvamizi. Simulizi za Lo'a, Mungu wa Wairaqw, na za netlangw, roho wa majini, zinahitaji uangalifu. Muulizeni mzee kwanza kama hadithi hiyo husemwa hadharani, na kama chemchemi inayotajwa inafaa kutembelewa na wageni. Akikataa, tafuteni nyingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila. Mkipanga kuuza tiketi, ulizeni kuhusu kibali kabla ya kurekodi, na msimulizi apate malipo mliyokubaliana.

Turekodi kwa lugha gani?

Kiiraqw kwanza, kisha Kiswahili katika faili la pili. Slufay, utenzi wa baraka wa Wairaqw, una msemaji na waitikiaji. Ukimrekodi mzee peke yake chumbani, nusu ya utenzi imepotea. Waalikeni waitikiaji, na mrekodi jioni upepo ukitulia.

Ruhusa zipi zinahitajika?

Ya mwenye kila shamba mnalopita, ya mwenyekiti wa kitongoji, na ya ofisi ya kijiji. Msipitishe njia ndani ya msitu wa Marang bila kibali cha TANAPA, kwani ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Huko kuna tembo na nyati, hivyo hata njia ya jirani ifungwe mapema alasiri. Kwa sauti na picha za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu: mwelezeni msimulizi rekodi itatumika wapi, kisha apate nafasi ya kukubali au kukataa.

Mtandao ukikatika je?

Msiutegemee njiani. Sauti ya MP3 ya ubora wa kawaida huchukua takriban megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo vituo saba kwa lugha moja ni kama megabaiti 21. Msikilizaji apakue yote mahali pa kuanzia, au apewe kwa bluetooth bila kutumia bando. Asiye na simujanja apate karatasi yenye ramani na hadithi kwa ufupi.

Na mvua?

Desemba huwa na mvua za vuli, na udongo wa miinuko huteleza. Epukeni makorongo, na andaeni njia fupi ya akiba. Namba za vituo ziwekwe kwenye nguzo za miti mikavu. Msipigilie misumari kwenye miti hai.

Tutajuaje kuwa tuko tayari?

Mpeni ramani mtu asiyewahi kufika Buger, kisha mmfuate kwa mbali bila kumsaidia. Anaposita, pana kasoro: rekebisheni alama au maelezo. Rudieni na mzee na mtoto wa shule.

Baada ya tamasha?

Nakala ya kila rekodi iende kwa familia ya msimulizi na kwa shule ya kijiji. Mwaka 1978 W. D. Kamera alichapisha kitabu *Hadithi za Wairaqw wa Tanzania*. Rekodi za Buger zitaongeza sauti ya msimulizi na jina la mahali, vitu viwili ambavyo mtoto wa darasa la nne anaweza kuvifuata kwa miguu hadi kwa mwenye hadithi.